Kizibao cha Sinia na Mwiko Wake

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba

Mikono ya gauni la bi harusi bado. Sindano imevunjika tena. Vumbi la kiangazi limeingia ndani ya cherehani. Nimeifungua, nimeipangusa, nimeifunga, bado inakoroma.

Assani hajarudi. Alisema Jumamosi. Nikisikia pikipiki yoyote, mguu wangu unasimama juu ya kikanyagio. Ya kwake naijua: bomba la moshi limepasuka, inakohoa kama mzee wa tumbaku. Leo zimepita nyingi. Hakuna iliyokohoa.

Mama mkwe anasema labda gurudumu. Kila Assani akichelewa kutoka machimboni Salamabila, mama anasema labda gurudumu. Nimemjibu ndiyo mama, gurudumu. Nina hasira naye na hana kosa. Yeye ndiye aliyemzaa, na tangu jana hajagusa chakula.

Jumanne, tarehe 2

Amerudi. Mzima. Alhamdulillahi.

Wamemfyatulia risasi wakati wa kwenda, mbele ya Lusangi, pale majani yanapoishika barabara pande zote mbili. Watu wa porini. Hakuwaona. Alisikia mlio, akainama juu ya usukani, akakaza mwendo. Alipofika machimboni ndipo alipoona mafuta yanamtiririka mgongoni. Bidoni, dumu la mawese, ilikuwa imetoboka. Kati ya bidoni na mgongo wake kulikuwa na furushi la vitenge nilivyomfungia mimi mwenyewe akawauzie wake wa wachimbaji.

Vitenge vimerudi. Nani atanunua kitenge chenye tundu na rangi ya mawese? Nimevikunjua ukumbini. Tundu, tundu, tundu, kila mkunjo. Halafu mkunjo mmoja hauna tundu, na risasi ikaanguka kwenye mkeka. Mama mkwe alidhani ni kifungo.

Assani alicheka akisimulia. Mimi sikucheka. Nimemwambia aiache ile njia. Akaniuliza tutakula cherehani? Nikaanza kuvikunja vitenge, maana kwa harusi mbili kwa mwezi cherehani hailishi nyumba, anajua, najua.

Alhamisi, tarehe 4

Sina akili ya kitu kingine. Nguo zimesimamisha risasi. Nguo zangu, nilizokunja kwa mikono hii. Kama zimesimamisha mgongoni, zitasimamisha na kifuani.

Nimeanza kushona kizibao. Ndani vitenge vilivyoharibika, mkunjo juu ya mkunjo, nimevishindilia mpaka sindano inalia. Juu yake magunia ya mchele, yale ya plastiki. Mgongoni vipande vya tairi kuukuu, nimevikata kwa kisu cha moto nikiwa nimejifunga leso puani, nyumba nzima inanuka kama karakana.

Kifuani kulihitaji chuma. Nimezunguka jikoni nikipimapima. Vifuniko vya sufuria vyepesi mno, ukivibonyeza vinacheka. Mwisho nikasimama mbele ya sinia langu la harusi. Lile la maua mekundu, alilonipa mama yangu, tunalolia chakula sote. Linaenea kifua cha Assani kama limepimwa.

Nimelishonea ndani. Mama mkwe ameniuliza sasa tutakula juu ya nini. Nimemwambia juu ya kifua cha mwanao.

Jumamosi, tarehe 6

Leo majaribio. Nimekitundika kizibao juu ya gunia la mahindi nyuma ya nyumba.

Kisu cha jikoni: kimekwama kwenye gunia la nje. Panga: limeacha mstari tu. Mchi wa kutwangia: nimepiga kwa nguvu zangu zote, sinia likalia kama kengele ya kanisa na majirani wakachungulia. Mama mkwe, ambaye asubuhi alikuwa analilia sinia, akaniomba panga. Mama yule ana mkono. Alipiga, akapiga tena, akawa anataja majina ya watu wa ukoo ambao sitawaandika hapa. Tumecheka mpaka tukakaa chini.

Kizito, lakini. Nikikivaa nasikia mabega yanashuka. Na kwenye jua kinachemka.

Kwa kisu kinafaa. Kwa risasi sijui. Hilo naliandika ili nisijidanganye.

Jumanne, tarehe 9

Assani alikwenda nacho Kabambare, akarudi nacho. Alikivaa kwa kuwa nilikaa juu ya pikipiki mpaka akubali. Motari wenzake wa pikipiki wamemcheka pale parkingi, kijiwe chao, wakamwita kobe. Halafu wakati wa kurudi, kwenye mchanga, pikipiki ikamteleza, kifua kikaangukia usukani. Akasimama. Akajipangusa. Hana hata alama.

Basi. Kicheko kimekwisha. Jioni wamekuja hapa, wamejaa barazani, wakakigusa kizibao mmoja baada ya mwingine, wakaligonga sinia kwa vidole. Mbele yao Amisi, rafiki wa Assani tangu madrasa, mume wa Zaina wa mtaa wa chini. Amisi huyu ana hirizi ya ngozi mkononi, alichanjwa dawa ya risasi huko Kabambare, na kwa ajili ya dawa hiyo hali kuku na hampi mwanamke mkono.

Amisi akaniuliza, kwa heshima kabisa, kizibao wao wanakiita jile:

“Shemeki, hii jile iko na mwiko gani?”

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na bi harusi anayengoja mikono yake. Nikamjibu:

“Mwiko yake ni moja. Mwanaume asitoke kwake bila kumuaga bibi yake. Asipomuaga, jile inakufa.”

Nilitegemea wacheke. Hawakucheka. Wameitikia kwa vichwa, wakaenda zao.

Ijumaa, tarehe 12

Jambo la ajabu. Zaina amenikuta sokoni kwenye samaki wakavu, amenikumbatia. Anasema Amisi jana aliwasha pikipiki, akafika pembeni ya msikiti, akageuka, akarudi nyumbani, akasimama mlangoni na kusema, “Mama, nimekwenda.” Miaka yote ya ndoa hajawahi. Zaina alidhani amesahau funguo.

Si Amisi peke yake. Wengine nao wanaaga. Na hawana hata kizibao! Wanasema wanajizoeza. Wanawake wananisalimia kwa furaha kama niliyejifungua mapacha. Nimefurahi, niseme ukweli. Nimetembea sokoni nikiona mtu mkubwa ni mimi.

Wanataka niwashonee. Nimewaambia bado, risasi sijaijaribu. Wanashangaa. Kujaribu nini tena, mwiko si umeshajulikana?

Nimeliwaza hilo wakati wa kupika. Kwetu dawa haikosi kamwe. Mtu amekunywa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, risasi ikamuua, watu hawasemi dawa mbaya. Wanauliza alivunja mwiko gani. Alikula nini, alimgusa nani. Na wakitafuta hawakosi kupata, maana nani anaishi bila kugusa kitu? Marehemu ndiye mwenye hatia siku zote. Dawa inarudi kazini kesho yake.

Kizibao changu si dawa. Ni sinia.

Jumapili, tarehe 14

Nimegombana na Assani. Anasema Amisi na yeye wanataka kuirudia njia ya msituni. Ile fupi. Motari wote waliiacha tangu masika, tangu kijana mmoja muuza samaki aokotwe kule amekufa na pikipiki yake haipo. Anasema kwa jile watapita, watafika Salamabila kabla ya wengine, wateja wote wao.

Huyu ni mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anaizunguka njia ile kwa mbali! Akisikia ndege wamenyamaza alikuwa anasimama, anangoja pikipiki nyingine. Nilikuwa namtania kwa uoga wake. Sasa hana uoga. Nimemshonea mimi kifua kipya, naye ameuvua moyo wake wa zamani akautupa.

Nimemwambia: haendi popote mpaka kizibao kipigwe risasi mbele ya macho yake. Mjomba Sumaili, kaka ya mama yangu, ni mwindaji, anakaa kijijini kabla ya kufika Lusangi. Ana bunduki ya baruti, ya kupigia nguruwe pori. Assani amekubali haraka. Anataka kuonyesha watu.

Naogopa kizibao kisishinde. Naogopa zaidi kikishinda.

Jumatano, tarehe 17

Tumekwenda. Mimi nyuma ya Assani, Amisi na pikipiki yake. Njia nzima watu wanachoma majani, moshi umelala barabarani, na mianzi ikipasuka motoni inalia kama bunduki. Kila ikilia nilimkaza Assani kiuno. Yeye anapiga mluzi.

Mjomba amezeeka, lakini jicho lipo. Nilimpa kwanza ile risasi iliyoanguka ukumbini. Aliigeuzageuza kiganjani.

“Hii ilikuwa imechoka, mwipwa wangu. Ilitoka mbali, ikapita mu mafuta, ndiyo ikalala mu nguo. Ya karibu hailali.”

Assani alikuwa anamwangalia kuku.

Mjomba alichagua mgomba uliokwisha kuzaa, nyuma ya choo. Kizibao nilikifunga mimi, kwa kamba zilezile, mafundo yaleyale ninayomfungia Assani. Mgomba una unene wake. Nilipomaliza nikarudi nyuma nikauona, nikataka kulia. Ulikuwa mtu kabisa, amesimama ananisubiri.

Mjomba akapiga. Moshi. Kuku wakatawanyika, mbwa akaingia chini ya kitanda. Kwa mbele tundu lilikuwa dogo, la kidole. Amisi akapiga makofi. Nikafungua kamba. Sinia limetoboka katikati ya ua jekundu, kingo zimekunjamana kwa ndani. Vitenge vimetoboka vyote, hakuna mkunjo uliopona. Nikauzunguka mgomba. Nyuma yake tundu kubwa, risasi imekwama kwenye tairi la mgongoni, na maji ya mgomba yanatiririka yanashuka mpaka kwenye majani makavu.

Na hii ni bunduki ya nguruwe. Walioko porini wana nyingine.

Nikageuka kumwangalia Assani. Alikuwa analiangalia tundu, na nilidhani ameelewa. Ndipo Amisi akasema, pole pole, kama anayemfundisha mtoto:

“Lakini mugomba haiko na bibi. Ilimuaga nani?”

Na Assani, mume wangu, baba wa mtoto wangu, akatikisa kichwa. Akasema ni kweli. Akacheka kwa jinsi alivyofarijika.

Sijui niliyofanya niliyafanyaje. Nilikichukua kizibao nikakigeuza, upande mzima wa mgongo nikauweka kifuani, sinia lililotoboka likaenda nyuma. Nikajifunga kamba. Nikaenda kusimama penye mgomba, maji yake yakanidondokea begani. Nikamwita kwa jina la mtoto wetu.

“Baba Mwajuma. Nakuaga. Mwiko nimeishika. Ambia mujomba apige.”

Mjomba akailaza bunduki kwenye majani, akasema hataki mambo hayo kwake, akaingia ndani akafunga mlango. Amisi anaangalia chini. Assani akaja. Akaanza kufungua kamba kifuani mwangu, mafundo yakamshinda, akajaribu kwa meno. Alikuwa amelowa jasho. Karibu na sikio langu akasema, “Mi naogopa.” Kwa miaka yote tuliyoishi sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Nimelipenda kuliko mahari.

Wakati wa kupanda pikipiki Amisi alinijia.

“Shemeki, usikasirike. Lakini hukupigwa. Basi haikuonyesha kitu.”

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimwonyesha Assani kwamba ananipenda. Kuhusu kizibao sikuonyesha chochote.

Ijumaa, tarehe 19

Assani hajatoka. Ametengeneza bomba la moshi, pikipiki haikohoi tena. Sitaijua kwa sauti sasa. Sikumwambia.

Amisi ameshonewa kizibao na fundi mmoja nyuma ya soko. Cha vifuniko vya sufuria. Vile vinavyocheka ukivibonyeza.

Nimemfuata Zaina kwake. Nimemweleza yote: mgomba, tundu, maji, na kwamba mwiko niliutunga mimi, ulikuwa utani wa mtu aliyechoka. Alinisikiliza akichambua sombe, majani ya muhogo. Halafu akasema:

“Mama Mwajuma, mimi sijui mambo ya risasi. Najua tu, tangu ile siku, bwana yangu anarudia mulangoni. Ananiangalia mu macho. Usiniharibie.”

Nilibaki namsaidia kuchambua majani. Tukazungumza habari za bei ya chumvi.

Jumanne, tarehe 23

Amisi amepita njia ya msituni. Peke yake, kwa kuwa Assani alikataa. Wamerushiana maneno pale parkingi. Amisi amemwambia kwamba mimi nimemroga kwa woga. Assani amekuja nyumbani kunisimulia akiwa na aibu. Nimempikia samaki. Nimempa kichwa.

Alhamisi, tarehe 25

Wamemleta Amisi. Juu ya baiskeli ya mtu wa mihogo, amefungwa kwenye turubai. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siwezi kuandika.

Jumapili, tarehe 28

Matanga. Tumekaa kwenye mikeka kwa Zaina tangu tulipotoka kuzika. Nimepika, nimeosha vyombo, nimechota maji. Sikutaka kukaa bure, kwa kuwa nikikaa nasikia.

Na nimesikia. Wanaume nje, wanawake ndani, maneno ni yale yale. Hakumuaga mkewe siku ile. Alikuwa na haraka. Mmoja anasema alimwona akitoka mbio. Mwingine anasema walikuwa wamegombana, yeye na Zaina, tangu jana yake. Nani aliyewaona wakigombana? Hakuna. Lakini Amisi amekufa na jile kifuani, basi hakumuaga. Hesabu yao imetimia. Wengine wanamwangalia Zaina kwa pembe ya jicho, kama yeye ndiye aliyemfungia mlango.

Jioni Zaina aliniita nyuma, penye mafiga. Macho yake makavu. Hakunilaumu, na ningependa anilaumu.

“Aliniaga,” akasema. “Alifika kwa musikiti, akarudia. Akasahau kama ameshaniaga, akarudia tena mara ya pili, tukacheka. Aliniaga mara mbili, Mama Mwajuma. Waambie.”

Nimetoka pale. Nimekaa chooni nikalia, kitambaa mdomoni, ili wafiwa wasinisikie. Mimi niliyecheka na mwiko. Mimi niliyetembea sokoni kama mtu mkubwa. Neno langu moja la utani limemwua mtu, na baada ya kumwua linamchafua, na linamchafua mjane wake.

Jumatano, tarehe 31

Nimekwenda parkingi. Assani alitaka kunisindikiza, nikamkataza, kisha nikamkuta yuko nyuma yangu, na nyuma yake Zaina, amejifunika kaniki ya eda. Mjane hatakiwi kutoka. Ametoka.

Nilibeba sinia. Nililichomoa kwenye kizibao jana kwa wembe. Nimeliweka chini mbele ya motari wote, na tundu lake, na maua yake. Nikawaambia: hili ni sinia. Mmeshakula kwenye masinia. Mwiko niliutunga mimi siku ile nikiwa nimechoka na kazi, hakuna mwiko, hakuna jile inayokufa wala inayoishi. Amisi alimuaga mkewe. Alimuaga mara mbili. Risasi haikumuuliza.

Zaina akasema, “Aliniaga.”

Wengine wakaangalia magurudumu yao. Mzee mmoja wa parkingi, mtu mwema, anayenisalimia kila siku, akaniambia kwa upole:

“Mama, usiseme vile. Mwiko hautungwe na mutu. Ilipita tu mu kinywa yako.”

Nimemwangalia nikaona hatatoka hapo alipo. Si mjinga. Anapita njia ile kila wiki na ana watoto. Ukimwondolea mwiko unamwachia nini? Barabara na majani pande mbili. Hata mimi nilishona kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa na tairi na vitenge, yeye ana neno.

Lakini wawili watatu walikuja kuligusa tundu. Mmoja aliingiza kidole mpaka kikatokeza upande wa pili, akakichomoa, akaenda zake. Na yule mzee, tulipoondoka, alimwita Zaina. Akamwambia, “Bwana yako alikuwa mutu ya adabu.” Amelisema kwa sauti ili wote wasikie. Zaina ameondoka nalo.

Jumamosi, tarehe 3 mwezi wa nane

Nimekifumua kizibao. Tairi nimempa mshona makubazi. Magunia nimeyatilia mahindi. Vitenge nimevichemsha kwa majivu, mawese hayatoki, nimevifanya godoro la Mwajuma. Analalia matundu, hajui, anasema laini.

Sinia nimelipeleka kwa fundi bati. Ameliziba kwa kiraka cha mkebe wa maziwa. Mama mkwe amelikagua, akasema harusi yangu sasa ina kiraka. Nimemwambia afadhali kiraka kuliko tundu, mama. Tumekula juu yake bugali na sombe. Assani alilizungusha kimyakimya mpaka kiraka kikawa upande wake.

Jumatatu, tarehe 5

Uzi mweupe umekwisha, nitanunua. Sare za shule zimeanza kuingia. Cherehani imetulia.

Assani ametoka asubuhi. Lusangi tu, kuleta karanga, halafu anarudi. Salamabila atakwenda wiki ijayo, kwa njia ndefu, wakiwa wengi. Nisingependa aende. Atakwenda. Tumekubaliana: ndege wakinyamaza anageuza, hata kama amebakiza mlima mmoja, hata kama mzigo ni samaki na unaoza. Wenye parkingi watamcheka. Wahenga walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nataka kicheko. Kilio nimeshaona kinavyokaa kwenye mikeka.

Alivaa shati lile la bluu nililomshonea, kifungo cha juu hakipo. Kifua chake chembamba ndani yake. Aliwasha pikipiki, akaizima, akarudi mlangoni. Akasimama pale, sote wawili tukijua kwamba kuaga hakusaidii kitu.

“Mama Mwajuma, nimekwenda. Naogopa kidogo.”

Nikamwambia, “Wende na woga yako. Urudi nayo.”

Ameitikia kwa kichwa. Nimeisikiliza pikipiki mpaka penye msikiti, halafu sikuitofautisha tena na nyingine. Nimetunga uzi.